Kikongwe Anazimika Akipata Moto

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua uliyompa dereva wa lori la kambini kwenu kazini imenifikia, na nimefurahi kusikia kifua kimepungua. Mimi sijambo. Mama ni wa siku kwa siku. Tumbo linajaa maji kama ulivyoliacha, na kila Jumanne nampeleka hospitali wanayatoa. Akishatolewa anakuwa mtu mzima kabisa, ananituma na kunigombeza. Ikifika Jumatatu hawezi hata kuinama.

Tatizo ni Kikongwe, pikipiki yako. Asubuhi anawaka bila ubishi, lakini tukishapita daraja na injini ikapata moto, anazimika ghafla. Napiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi. Akipoa nusu saa anawaka tena kama vile hakuna lililotokea. Plagi nimesafisha. Kabureta nimeifungua nikapuliza jeti, kile kitundu cha petroli, na petroli nimeichanganya na oili kwa kipimo chako. Jumanne hii tumezimika mara tatu, mama amekaa kwenye jiwe kando ya barabara ameshika tumbo. Tulipofika, daktari alikuwa ameshafunga chumba.

Unajua hatuna njia nyingine. Ni kilomita ishirini na tatu, basi halipandi kwetu, na lori la kambini linaelekea upande mwingine. Niambie la kufanya.

Mwanao

15 Februari

Binti yangu,

Marahaba, na nyingine juu yake kwa kupuliza jeti mwenyewe. Mimi mzima, kikohozi kilichobaki ni cha maringo tu. Msalimie sana mama yako, mwambie akikugombeza ajue na mimi nimesikia huku.

Huo ugonjwa ni kondensa. Ni kile kikopo kidogo chenye waya, kimekaa nyuma ya sumaku, lile gurudumu linalozunguka ubavuni mwa injini, kando ya platini, vile vidomo viwili vikifunguka cheche inaruka. Kikizeeka kinafanya kazi kikiwa baridi, kikipata joto kinakata cheche. Kipya kipo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, nimekiviringisha kwenye karatasi. Sumaku ivute kwa kile kifaa changu, usiigonge kwa nyundo hata ikikutukana.

Neno moja tu. Usimpelekee Spana Kumi. Nilimfundisha kazi, nikamfukuza, na leo gereji yake ipo palepale ilipokuwa yangu. Kikongwe hajawahi kuguswa na mkono mwingine. Fundi akiingia kwenye mashine ya mwenzake anatafuta siri, hatafuti ugonjwa.

Ni mimi baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku tupo, ila si kwa uzuri. Ulisema kweli, kondensa ndiyo ilikuwa mbovu. Lakini nimefanya kosa. Ile sahani inayobeba platini niliifungua ili niifikie skrubu ya nyuma, na sikuweka alama mahali ilipokuwa imekaa. Nikairudisha kwa kufuata alama ya kiwanda, ile ya sumaku iangaliane na ya injini, kama kitabu chako kinavyoonyesha.

Sasa nikipiga kiki inarudi na nguvu zote. Jana imenipiga kifundo cha mguu, natembea kwa kuchechemea. Najua cheche inakuja mapema mno. Lakini nikisogeza kwa kubahatisha, ama inanipiga, ama haiwaki kabisa.

Mama amekosa Jumanne mbili. Muuza duka alitupakia mara moja kwenye pikapu yake, nayo sasa imevunjika ekseli. Mama halali tena chali, anasema maji yanampanda kifuani. Baba, ndani ya sumaku hiyo kuna kitu gani nisichokijua? Na kama ni lazima nimwite Spana Kumi, niruhusu. Jibu kwa lori hilohilo, tafadhali.

Mwanao

14 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Pole kwa mguu, ukande na maji ya chumvi. Mwambie mama yako ajikaze kidogo. Nimeomba likizo na bosi amekubali kwa mdomo, mwisho wa mwezi nipo nyumbani. Kazi hiyo kwangu ni ya nusu saa. Usisogeze tena chochote.

Unaloniuliza siwezi kuliandika. Barua inapita mikono mingi, na mambo mengine yanaonyeshwa kwa kidole. Kuhusu Spana Kumi nimesema hapana. Atatangaza mji mzima kwamba mzee ameshindwa na pikipiki yake mwenyewe. Nisubirini.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwisho wa mwezi umepita. Lori likisimama mama ananituma nikaangalie, na nikirudi peke yangu ananiambia labda umeshukia upande wa pili.

Nimevunja amri yako. Jumatatu nilimsukuma Kikongwe mpaka kwa Spana Kumi. Nilijua atacheka. Hakucheka, alinawa mikono kwanza akaniuliza hali ya mama. Akafuata alama ya kiwanda kama mimi, akaona kiki inarudi, basi akaichelewesha cheche kwa kusikiliza mpaka injini ikawaka na kutulia. "Hapa mzee kuna kitu amekifanya," aliniambia, "ila mimi sikioni. Nenda taratibu. Ukisikia inagonga, zima."

Jumanne nikampakia mama, nikamfunga na shuka kiunoni kwangu asianguke. Mlimani ikaanza kugonga. Sikuzima, Baba. Niliogopa nikizima haitawaka tena. Kilomita ya kumi na moja pistoni ikatoboka. Muuza mkaa alitupakia kwenye mkokoteni wake. Kwenda mbele hakuweza, ni kupanda tupu, akaturudisha nyumbani. Mama aliegemea magunia akimwomba radhi kwamba ni mzito.

Spana Kumi ametafuta pistoni nyingine na ameshaifunga. Imebaki kuipanga cheche tu. Anasema siri yako haihitaji, anachotaka pikipiki iwake. Mimi nimekata tamaa.

Mwanao

12 Aprili

Binti yangu,

Leo sina salamu. Ukimaliza kusoma mkimbilie Spana Kumi, msomee neno kwa neno.

Miaka tisa iliyopita mfereji wa ufunguo, kile kichuma kinachoishika sumaku kwenye shafti, ulikatika. Nikachonga mwingine pembeni yake, na ule wa zamani nikauziba. Tangu siku hiyo sumaku inakaa imegeuka kidogo, na alama ya kiwanda ni ya uongo. Ya kweli ni nukta ndogo upande wa ndani wa sumaku, karibu na ukingo, nimeipaka rangi nyeusi. Ikiangaliana na mshono wa injini, hapo ndipo platini zianze kufunguka.

Niliificha kusudi. Nilitaka yeyote atakayeigusa ashindwe, arudi kwangu kwa unyenyekevu. Nilijiona mjanja. Sikufikiria kwamba atakayeshindwa ni wewe, na mama yako amefungwa mgongoni. Uliponiuliza, jibu lilikuwa la mistari miwili, nikakunyima.

Likizo ilikataliwa tangu tarehe ishirini ya Machi, pampu ya maji ilikufa na fundi ni mimi peke yangu. Niliona haya kukuandikia. Nisamehe. Mwambie mama yako anisamehe.

Baba yako

Jumanne, 23 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama alifariki Jumapili ya tarehe kumi na nne, tukamzika kesho yake. Mjomba alimpa habari dereva wa lori. Kama hazikukufikia, basi unazisoma hapa, na sijui namna nyingine ya kukuambia. Alifia amekaa, kwa sababu kulala hakuweza tena. Alikuulizia. Nikamwambia upo njiani.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliipeleka gereji hata sijui kwa nini. Spana Kumi aliisoma amesimama, akakwangua rangi kwa kucha, nukta ikaonekana. Kazi yote ilikuwa ya dakika kumi. Kikongwe akawaka kwa kiki ya kwanza, akanguruma saa nzima bila kuzimika.

Nilitaka kukuandikia kwa hasira. Ninayo, na sitakuficha, lakini wewe ndiye mzazi niliyebaki naye. Ukipata ruhusa njoo, nitakutandikia na nitakupikia.

Leo niliamka alfajiri. Nikamtoa Kikongwe nje nikapiga kiki, akawaka. Nikasimama pale mlangoni namsubiri mama atoke.

Mwanao