Fomu Ilikuwa na Nafasi ya Mke Mmoja

Bi Mkubwa,

Siku hizi tui letu ni la pakiti. Mbuzi yako ya nazi iko pale pale nyuma ya mlango, hakuna anayeikalia. Rukia, binti yako, huja asubuhi kunipa uji na dawa, hufagia, kisha huenda zake. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alilisema kwa upole mno, nikaelewa. Sikulia. Hata siku tuliyokuzika sikulia, na watu wa Timbwani wakasema mwalimu ana subira. Haikuwa subira.

Kuna jambo nilipaswa kukwambia ukiwa hai.

Unakumbuka ule mwaka jeshi lilipotoa ufadhili, wanajeshi na wake zao wasomeshwe chuoni. Fomu ilikuwa na nafasi ya mke mmoja, na mume wetu alikuwa nao wawili. Athumani aliitia saini ikiwa tupu, kwa kuwa meli yao ilikuwa yaondoka, akaniachia niijaze mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Akasema, "Muandike mkubwa. Ndiye aliyetangulia." Ulikuwa jikoni, ukasikia, ukaanza kuimba.

Nikaandika jina langu.

Majibu yalipokuja nilikwambia ofisi ya kambi imetazama alama za kidato cha nne, na zako hazikutosha, wakanichukua mimi. Athumani aliporudi nikamwambia hilo hilo. Hakuna ofisi iliyotazama alama zako, Bi Mkubwa. Hawakujua hata kama upo. Vyeti vyetu niliviweka mimi, na changu hukuwahi kukiona. Chako kilikuwa daraja la pili. Changu la tatu.

Ukasema, "Basi nenda. Watoto niachie." Ukanilelea wanangu wawili pamoja na wako. Nikirudi likizo ulinipokea mlangoni: "Karibu, Bi Mdogo wa madaftari! Nazi wajua kukuna bado, au chuo kimekutoa mikono?" Nami nikicheka nawe. Wallahi, nilikuwa nikicheka.

Kosa la kukunyang'anya nafasi pengine ningelizoea. Nisilolizoea ni lile uliloanza kulisema baadaye. Ikija barua yoyote, ya shule, ya hospitali, ulinisukumia: "Soma wewe, mimi kichwa changu kilikataliwa." Wewe, uliyewafundisha wanangu hesabu kwa kokwa za ukwaju. Ukamwambia hivyo na Rukia, naye akaacha shule kidato cha pili, akasema amekurithi. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeketi papo hapo, nikamega mkate.

Sasa Saida, binti wa Rukia, ameolewa na mwanajeshi. Ameletewa fomu kama ile, ya wake zao. Anataka uuguzi. Imekaa mkobani mwake wiki mbili. Juzi nikamuuliza ataijaza lini, akacheka: "Aa, Bibi, sisi upande wetu vichwa vizito, wajua mwenyewe. Hata Bibi Mkubwa si walimkataa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimelala, nikitazama dari. Rukia alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Saida hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Alipata daraja gani?" Nikamjibu. Akarudia polepole, "La pili." Akauchukua mkoba wake akaondoka bila kuniaga. Rukia akaiweka sufuria chini, akamfuata.

Jana hakuja mtu. Dawa nilimeza kwa maji yaliyokuwa yamebaki kwenye gilasi. Sikuona uchungu, wala nafuu sikuiona. Nilikuwa kama mkono uliokufa ganzi, unajua ni wako lakini huusikii.

Leo Rukia amekuja. Ameweka uji, ametoa vidonge, hakunitazama. Alipokuwa anatoka akasema, "Saida yuko kwangu, anajaza fomu. Amesema wewe usiiguse."

Ni haki yake. Sitaiomba niione. Sitauliza ameandika nini, wala sitajitia kumfundisha. Na Ijumaa wanangu wakija kunijulia hali, wale uliowalea, nitawaambia nao kwa mdomo wangu, kama pumzi itakuwapo. Pumzi isipokuwapo, barua hii itakuwa chini ya mto, na Rukia ameshaambiwa awasomee. Amekubali kwa kichwa tu. Hayo nakuahidi.

Radhi sikuombi humu. Ukiwa hai ungenipa upesi mno, kisha ungeniuliza kama nimekula.

Pumzika, Bi Mkubwa. Ulinishinda, na nilijua.

Mke mwenzio,
Zuhura