Risasi Nilizoshindilia Mwenyewe

Jumatano, 18 Novemba 1970
Alhamdulillahi, tumealikwa kijijini Ansab sikukuu ya Idi! Mashindano ya shabaha. Mwenyeji Ami Marhoon, ami yake Aflah, mume wangu. Aflah kafurahi, halafu kanywea. Bunduki tunayo, ile Norma Magnum aliyoniachia marehemu Baba, lakini risasi zake Maskati nzima hakuna. Hapa watu na bunduki zao kongwe za Martini tu! Na binamu zake washamtania: nyinyi wa Zinjibari mnajua kuchuma karafuu tu.
Nikamwambia zitashindiliwa hapa hapa nyumbani, ganda, baruti na kichwa cha risasi. Baba alinifundisha, na vyombo vyake vyote nnavyo.
Kakubali, sharti watu wasijue ni miye. Ati watamcheka. Haya.

Jumamosi, 21 Novemba
Loo, leo raha! Aflah karudi na maganda matupu ya risasi, kapewa na Mmarekani wa kambi ya mafuta. Si ya Norma, ni ya bunduki nyengine ya magnum, mdomo mwembamba kidogo. Ndiyo uzuri wa Norma huo! Unapaka mafuta, unapanua mdomo taratibu, ganda linakubali. Duka likikususa, wajifanyia mwenyewe. Mawili yalipasuka, nikacheka peke yangu.
Bi Bakhita, mama mkwe, kapita jikoni: baruti karibu na sambusa zangu? Nikahamia uani.

Alhamisi, 26 Novemba
Zimekwisha kushindiliwa! Baruti nimeipima ganda kwa ganda. Bunduki hii ukiizidishia inakung'oa bega, ukiipunja inanuna. Baba akisema kila bunduki ina chakula chake.
Hofu yangu fataki, vile vijikofia vya kuwashia baruti. Zimevuka bahari na miye, zimekula unyevu. Kujaribu hatuwezi — tukipiga moja tu hapa mjini, askari watajaa mlangoni. Zisipolia mbele ya watu, aibu ya Aflah. Zikilia, sifa za Aflah. Najiambia sijali. Najali! Nataka mtu mmoja tu aseme: kazi ya Muhsina.

Jumatatu, 30 Novemba — Ansab
Idi! Tumekula arsia, wali uliopondwa na nyama, mpaka nimelegea. Nipo na wanawake kivulini, wanaume hapo chini wanapanga mawe ya kulenga.
Makubwa! Ami Marhoon kachukua risasi moja, kaigeuza, kainusa, kauliza nani kashindilia. Binamu zake: si Aflah, nani mwengine? Nikainama. Mara namsikia Aflah, kwa sauti mpaka huku kwetu: mke wangu, Muhsina binti Harub.
Kicheko hicho! Ami Marhoon hakucheka. Kasema kwao aliyeshindilia ndiye apigaye ya kwanza, mwengine hagusi mpaka mwenyewe ameiamini kazi yake. Desturi ni desturi, mwiteni.
Miye! Nacheka huku machozi yanatoka. Na fataki zile, yarabi! Bi Bakhita ananifunga mtandio kwa nyuma, asema bega likitoka atalirudisha mwenyewe, niweke kalamu chini. Vigelegele vishaanza hata sijainuka. Aflah huyo anapanda, bunduki mikononi, meno yote nje —