Dole Gumba la Senyor Wetu

Paete, Laguna
12 Mei 2014

Mpendwa Dada Crisanta,

Shikamoo. Naushika mkono wako kwa mbali na kuuweka kwenye paji langu. Goti lako linaendeleaje? Na yule bibi wa Torino unayemtunza, bado anakuita kwa jina la marehemu binti yake? Huku tu wazima. Mke wangu Rosing anakohoa kidogo, mvua bado, joto limetuelemea.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka picha ya mguu wa sanamu ya Senyor wetu, pale mama alipombusu mara ya mwisho, uiweke karibu na kitanda chako. Dada, picha hiyo siwezi kukutumia. Kwenye simu nilikudanganya. Mama hakumbusu. Nimekupigia mara tatu niseme hivyo, nikaishia kukuuliza habari za baridi.

Ilianza Kwaresima. Mimi ndiye ninayetengeneza sanamu za watakatifu wa watu mji mzima, na huku Senyor wetu, Yesu aliyelazwa, yule wa babu, anamwaga unga mgongoni kwa kuliwa na wadudu. Jirani yetu Isko akanitania mbele ya mafundi: "Dulo, mwaka huu Senyor wenu mtambeba kwa kijiko." Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini iliniuma.

Mgongo niliufanyia vizuri, hilo silijutii. Dawa, kisha gundi nyepesi kwa sindano, tundu moja moja, wiki mbili. Ningeishia hapo. Lakini mguu wa kulia ulikuwa unaniaibisha. Unaukumbuka, dole gumba halipo, vidole vingine vimelainika kama sabuni iliyotumika. Dada, mguu ule haukuwa na mdudu hata mmoja. Uliliwa na midomo tu, ya bibi, ya mama, na yetu. Nikaukata. Nikaunga mbao mpya ya batikuling, nikachonga vidole vitano na kucha zake, nikapaka rangi. Isko alipokuja kuona akauliza rangi nilinunua wapi. Nikajiona fundi.

Jumatano Kuu, kabla hatujampeleka kanisani, nikamleta kitandani kwa mama ili abusu wa kwanza kama kawaida yetu. Tangu macho yake yazime alikuwa anaona kwa vidole. Akaushika mguu, akahesabu vidole.

"Dulo, huyu nani?"

"Senyor wetu, mama. Nimemtengeneza."

"Senyor wetu hana dole gumba." Akapapasa tena. "Umemuuza kwa nani?"

Unamkumbuka mtoto wa Candelaria, aliyewauzia watu wa Manila sanamu ya Bikira Maria ya kwao akaweka nakala. Mama alifikiria hilo. Nikauchukua mkono wake aguse matundu ya wadudu mgongoni. Akauvuta.

"Matundu hata baba yako alikuwa anayatoboa kwa msumari, sanamu mpya ionekane ya kale, mwanangu. Usinifundishe kazi ya nyumba hii."

Hakupandisha sauti. Akageukia ukutani.

Nikakimbilia karakana kutafuta kipande nilichokata, angalau akishike. Hakipo. Kilikwenda jikoni na mabaki mengine ya mbao, Rosing akachemshia suman za Juma Kuu, ule wali wa kunata wa kufungwa majani. Mama alikuwa amekula mbili asubuhi, akazisifu.

Niliapa ni yule yule, Rosing akaapa. Siku tano hakutaka sanamu ile iingie chumbani. Jumatatu ya Pasaka akaniita, nikadhani amenisamehe. Akasema, "Mrudishe." Jioni akafariki.

Na mimi nikakwambia alikwenda kwa amani, midomo ikiwa juu ya mguu wa Senyor.

Sikulazimishi uniamini, maana mama mwenyewe hakuniamini. Ukija Desemba usimshike mguuni. Mshike mgongoni, upande wa kushoto. Hapo ndiye yule yule. Mimi kila asubuhi kabla sijashika patasi nalibusu dole lile, lilike mpaka liishe kama la zamani. Nimehesabu, bibi na mama peke yao walimbusu miaka tisini. Mimi nina hamsini na mbili sasa. Bado linanuka rangi.

Nisalimie shemeji Gaudencio na watoto. Shangazi Pacing anakusalimu, anauliza kama mafuta ya goti yalifika. Rosing naye anasalimu, ila suman hapiki tena.

Mungu akufunike huko kwenye baridi, dada, na mama akuombee, wewe ambaye hukumkosea.

Mdogo wako anayekupenda hata ukinyamaza,
Teodulo