Kitunguu Kilivyonidanganya Kuhusu Pua ya Mama

Nyumbani, juu ya duka la mikate
Jumapili asubuhi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo! Mzima huko? Mgongo umepoa? Na wale pacha, bado wanapigania dirisha? Sisi wazima, ila pua ya dada yako.

Unajua mama haangalii saa akioka. Mkate ukiiva anaunusa tu, hata akiwa nje anapiga soga. Sasa nyama zimemwota puani, tundu zote mbili. Tumeunguza mikate mpaka wateja wanauliza kama siku hizi tunauza makaa. Daktari kasema zitolewe kwa oparesheni.

Basi nikasoma, si unanijua! Kumbe mishipa ya kunusia iko juu kabisa, kwenye paa la pua, inapenya mfupa mwembamba kama ganda la yai. Juu ya hapo ni ubongo, Mjomba! Kisu kikikosea njia je?

Nikampima mwenyewe. Nikamfunga macho kwa kitambaa, nikamsogezea kitunguu kilichokatwa.

"We mtoto, una wazimu?" Karuka, machozi yanamtoka. Mimi nashangilia: mishipa mizima, oparesheni ya nini! Akanisikia, akaghairi.

Juzi nikamsimulia daktari, kifua mbele. Kacheka mpaka kavua miwani. Kumbe ule ukali wa kitunguu unabebwa na mshipa mwingine kabisa, wa uso, unaosikia maumivu. Mama aliwashwa tu, hakunusa kitu. Sasa naitwa Daktari Kitunguu.

Hapa ndipo kichwa kinaniuma. Nyama zikibaki, harufu haifiki juu. Zikitolewa, kisu kinapita jirani na lile paa. Daktari anasema atapiga picha kwanza, hatari ni ndogo, ila haahidi kwamba harufu itarudi. Nilishasema usifanye, leo niseme fanya? Nikijaribu, mama ananikata: "Wewe nimeshakusikia. Mwulize kaka yangu." Loo, hilo liliwasha kuliko kitunguu!

Mimi naona afanyiwe. Nadhani. Wewe unaonaje? Mpigie, tafadhali, kabla mtu mwingine hajapewa nafasi yake, daktari bado kamshikia.

Baba anakusalimu, anaula mkate ulioungua na kuusifu, mwongo mkubwa. Nisalimie mkeo na pacha. Mungu akupe afya, na pua yako akutunzie.

Leo alfajiri nimemkuta mama mbele ya tanuri, kashika saa ya kuazima, anaitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Mpwa wako akupendaye sana,
Kiherehere