Kidole Chako Juu ya Kitufe

Gisenyi, Jumapili, 22 Agosti 1999

Mjomba wangu,

Leo nitakuandikia yote, hata yale yanayoniaibisha, kwa sababu wewe hukupenda habari nusu. Ulikuwa ukisema redio inayokatakata ni mbaya kuliko iliyokufa kabisa, maana iliyokufa fundi anajua pa kuanzia.

Jana tulimaliza msiba wako. Bibi alitaka kwera, ile sherehe ya kuondoa matanga, ifanywe kama zamani, kwa hiyo watu walikunywa, wakakusema vizuri, kisha vitu vyako vikatolewa nje na kugawanywa. Mama alipata redio kubwa. Koti lako la kijivu alilichukua kaka yako, Mjomba Gaspard, aliyekuja kutoka Kigali. Linambana mabegani, lakini hakulivua siku nzima. Likabaki sanduku la ile helikopta yetu ndogo ya rimoti. Akasema ataipeleka kwake, aiweke juu ya kabati la sebuleni, wageni wawe wanaiona.

Hapo nikasimama, Mjomba. Mimi ambaye hata kwayani nasimama mstari wa nyuma. Nikasema, "Si ya kabatini. Mjomba alinifundisha, na alisema nimeirusha mwenyewe." Watu wakacheka. Mjomba Gaspard akauliza, "Na hesabu za shuleni, nazo unazirusha?" Bibi peke yake hakucheka. Alisema, "Kitu cha marehemu kinamfuata anayekijua. Kesho aturushie, tuone."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nikikumbuka tulivyoanza. Yule Mbelgiji uliyemtengenezea redio alipoondoka alikuachia masanduku mawili, la helikopta na la rimoti zake, pamoja na kitabu cha maelezo cha Kifaransa. Wewe ulijua nyaya lakini Kifaransa hukukipata kule Karagwe ulikokulia, na mimi nilikuwa nimeanza kukipata shuleni. "Haya, Kamusi, soma," ulikuwa ukiniambia. Neno likinishinda, ulikigeuzageuza kile kifaa mkononi mpaka neno likaeleweka lenyewe. Nakumbuka tulivyosawazisha yale mabawa mawili ya juu kwa vipande vya utepe, kipande hapa, kipande pale, mpaka hakuna lililozidi jingine. Tuliyaita mabawa. Mafundi wengine wangesema panga, lakini Mama hakutaka neno hilo litamkwe nyumbani kwake, nasi hatukumuuliza sababu.

Na chini yake ukafunga msalaba wa mianzi wenye mipira minne, ili isipinduke. Miezi mitatu hatukuivusha goti.

Nakumbuka pia kazi yangu ya kwanza kila Jumamosi. Kabla hujawasha injini nilizunguka uwanja wa mpira mbio, nikipiga kelele kwenye nyua za watu, "Ni ile ndogo! Ni ya fundi!" Afande wa kizuizi cha barabarani ndiye aliyetuwekea sharti hilo, kwa sababu siku ya kwanza watu waliposikia ule mlio waliingia chini ya vitanda. Mama Furaha, anayevuka mpaka kila siku kwenda kuuza Goma, alikuwa akinijibu juu ya ukuta, "Bon, mwambie fundi aniangushie sukari!"

Leo baada ya kanisa nilizunguka tena. Sikuwa nimefikiria nitasema nini, mdomo ukasema wenyewe, "Ni ya fundi!" Mama Furaha akatoka nje, mikono ina unga. Akaipangusa kwa kitenge. Halafu akasema, "Fundi hayuko tena, mutoto. Sema ni yako." Sikuweza kusema ni yangu. Nilisema tu, "Ni ndogo," nikaendelea kukimbia.

Bibi aliletewa kiti. Mama alisimama nyuma yake na mikono kifuani. Nilichukua rimoti yako, ile kubwa, yenye raba ya baiskeli uliyoizungushia vijiti. Raba imelika pale palipokuwa na vidole vyako. Vyangu havijai.

Iliinuka vizuri, Mjomba. Ilinipa mkia kama ulivyonifundisha, ikatulia usawa wa goti, ikafika kiunoni. Afande akapiga makofi. Ndipo Mjomba Gaspard akaita, "Mbona inatuonyesha mgongo tu? Igeuze tuone uso!"

Nilipaswa kuishusha. Ningeishusha, ningesema bado, wala hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa nimesema mbele ya watu wote kwamba nimeirusha mwenyewe, nikaigeuza. Unajua kilichofuata. Ikikupa mkia, kulia kwake ni kulia kwako. Ikikuelekezea pua ni kama mtu anayekutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Ulikuwa ukisema, "Usikae uwanjani, kaa ndani yake." Mimi nilikaa uwanjani. Iliegemea upande, nikaisukuma upande uleule, ikakimbia, ikaanguka karibu na goli. Mianzi iliiokoa tumbo. Bawa moja limevunjika.

Mjomba Gaspard hakunisema. Aliinama, akaokota vipande vya bawa kimoja kimoja, akavitia katika mfuko wa koti lako. Kisha akasema, "Nitarudi Krismasi. Unionyeshe uso wake. Ukishindwa, inapanda kabatini." Bibi akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Yamebaki mabawa mawili ya akiba, na mafuta nusu dumu.

Sasa lile linaloniaibisha.

Nilisema umeniambia nimeirusha mwenyewe, na ni kweli uliniambia. Ilikuwa Jumamosi ile ya mwisho, kabla hawajakupeleka hospitali. Tulikuwa tumeunganisha rimoti zetu mbili kwa waya. Ukikishika kile kitufe cha yako, helikopta inanitii mimi. Ukikiachia, inarudi kwako papo hapo. Mara ngapi ulikiachia ukaniokoa! Nilikuwa nikijua umeniokoa pale tu ndege ilipoacha kutetemeka.

Siku ile niliigeuza, ikatutazama, ikatulia. Haikutetemeka hata kidogo. Tulihesabu pamoja kwa sauti mpaka sitini, wewe ukikatizwa na kikohozi. Sikuangalia mkono wako, kwa sababu sheria yako ilikuwa macho kwenye ndege, usinitazame mimi. Ilipogusa nyasi ukafuta midomo kwa leso, ukasema, "Ni wewe huyo, Kamusi. Peke yako." Nikarudi nyumbani nikiruka njia nzima.

Lakini wewe ulikuwa mtu mwema, Mjomba. Na nadhani ulijua kwamba unaondoka. Mtu mwema anayeondoka anaweza kumwachia mtoto zawadi ya namna hiyo.

Sitakasirika. Naapa. Kesho nitaanza kusawazisha mabawa mapya kwa utepe, na sitaivusha goti mpaka mikono yangu iseme yenyewe. Nitatunza mafuta. Nitaendelea kuzunguka uwanja kabla ya kuwasha, na labda siku moja nitajua cha kusema nikipita kwa Mama Furaha. Pumzika, Mjomba. Kifua hakikuumi tena. Bibi anakusalimu, na Mama anaiwasha redio yako kila asubuhi hata kama hasikilizi.

Ila nijibu upesi, kwa njia yoyote mnayotumia huko, maana Krismasi haiko mbali. Ikiwa nilikuwa mimi, basi mikono yangu inajua tayari, imesahau tu, na nitaikumbusha. Ikiwa ulikuwa wewe, nitaanza upya kutoka mwanzo, na hilo pia naliweza. Nataka tu kujua nianzie wapi.

Tulipokuwa tunahesabu mpaka sitini, kidole chako kilikuwa bado kimeshika kitufe, au ulikuwa umekiachia?

Vestine wako