Sahihi ya Mama Mwangangi

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Barua ya lile shirika la programu za bure imefika. Wamekubali! Watailea programu yetu ya kompyuta ya kufuatilia wagonjwa: akaunti yao ya benki, wakili wao, sisi tuendelee na kazi. Itabaki ya bure. Zahanati yoyote inakili, anayejua zaidi anarekebisha. Mwenzangu Githinji aliruka pale kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, Kariokor, nusura aangushe kompyuta ya mteja. "Sisi kuwa na wakili! Sasa hata nikikamatwa bila taa ya baiskeli najua pa kupiga simu."

Na ni kwa wakati. Bila shirika hatuwezi kuzifikia zahanati zote kurekebisha tarehe. Mwaka ukigeuka 00, programu itausoma kama 1900, na hesabu ya dawa ya kila mgonjwa wa kifua kikuu itakosea kwa miaka mia. Bodi yao inakutana Ijumaa ya tarehe 15.

Jumatano, 6 Oktoba

Wakili anataka sahihi za wote walioiandika. Mimi, Githinji — na Mwangangi.

Nikamweleza. Mwangangi alipopunguzwa kazi ya reli alienda Zaire na malori ya misaada. Hiyo ni 1996. Vita vikaanza. Hatujapata barua tena.

Wakili akaandika mwaka huo. Kisha, kwa upole kabisa: basi mama yake atie sahihi hati kwamba mwanawe anadhaniwa amefariki, na kwamba familia inaiachia kazi yake. Sheria yenyewe hungoja miaka saba, lakini bodi itaridhika na hati hiyo. La sivyo, sehemu ya Mwangangi itolewe.

Sehemu yake! Ndiyo inayohesabu siku za wagonjwa kurudi. Tukiitoa, kinabaki nini? Daftari la majina.

Jumapili, 10 Oktoba

Kanisani, Kaloleni. Hati ndani ya Biblia yangu. Mchungaji aliita wenye wasafiri wasimame waombewe. Mama Mwangangi akasimama, kama kila Jumapili. Leo alikuwa peke yake.

Baada ya ibada alinishika mkono. Wavinya, mbona umekonda hivi, hiyo kompyuta inakula chakula chako? Nikacheka. Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Hati ikarudi nami nyumbani.

Jumatatu, 11 Oktoba

Githinji kakasirika. "Unaogopa mama wa watu ama unaogopa Januari?" Akaichukua hati, akaenda mwenyewe.

Mama alimkaribisha. Akampa chai. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha: "Wewe kijana, maiti umeiona wapi?"

Githinji akaambiwa amalize chai aende zake. Na chai aliimaliza, anasema. Mtu huyu!

Jumatano, 13 Oktoba

Githinji ameanza kuifuta sehemu ya Mwangangi. Ataiandika upya, miezi miwili au mitatu, Mungu akipenda. Angalau bodi itaambiwa imetolewa.

Nilisimama nyuma yake nikitazama mistari ikipotea. Pamoja na maneno ya Kikamba ambayo Mwangangi aliyaacha humo kunichokoza: Wavinya, usiguse hapa, utaua watu. Githinji hajui Kikamba. Alifuta tu.

Nimzuie, halafu nifanye nini?

Alhamisi, 14 Oktoba

Mama Mwangangi yuko hapa kwangu. Amekuja na kitambaa cha kanisani kichwani, siku ya kazi. Hataki chai.

Jecinta, nesi wa zahanati inayotumia programu yetu, amemwambia kazi ya mwanawe inafutwa. Ni kweli?

Ni kweli, mwaitu, mama yangu. Lakini disketi yangu bado inayo yote.

"Nikitia sahihi, itabaki?"

Itabaki.

"Na jina lake?"

Na jina lake.

Akakunja na kukunjua ukingo wa leso. "Basi nisomee. Yule rafiki yako alisoma Kiingereza kama anayefukuza ng'ombe. Nisomee kwa Kikamba, neno kwa neno. Najua kinachosemwa. Nataka kukisikia kwa lugha yetu."

Nikasoma. Jina lake. Jina la baba yake. Mahali alipozaliwa — mama akaitikia kwa kichwa. Nikafika pale paliposema anadhaniwa amefariki. Nikarudia mahali alipozaliwa.

"Endelea, mwanangu."

Nikasema ngoja nitafute kalamu. Niko jikoni. Kalamu ninayo, ndiyo hii ninayoandikia. Ananiita, na mara hii amesimama, nasikia kiti kikisogezwa. Naenda kumsomea.