Kitunga ya Kamango

Mususa, siku ya ine, magaribi

Na kama ningesema tu « sijui »? Mais nilisema « ni miye ».

Leo bailleur, ule anapatiaka chama yetu feza, alituma madame mumoja kuona kama feza za kutufundisha kusuka bambu zilifanya kazi. Hapana mutu alitufundisha hata siku moja. Prezida wa chama yetu alienda kununua bitunga ku soko ya Kamango, akapatia kila mama moja ya kushika. Tulishika. Donc siye pia tulidanganya.

Madame aligeuza yangu, akapitisha kidole pale chini, polepole.

« Mama, nani alisuka hii? »

Prezida alikuwa ananiangalia.

« Ni miye, madame. »

« Muzuri. Kesho nitarudi. Utaanza ingine kama hii mbele yangu. »

Ninaogopa. Nikisema kweli, prezida atanifukuza, na bambu yote ya kusuka tunaikamata kwake. Nikidanganya tena na madame akijua, nitaitwa mwizi pamoja naye, na miye sikukula hata franga moja. Batoto baliniuliza juu ya nini sikuli. Nikasema ni malaria.

Ba Kamango banaanza chini ya kitunga na bipande munane ya bambu. Kwetu Masereka, mama yangu alinifundisha kuanza na sita.

Tangu nilifika nyumbani nimejaribu mara tatu, ile kitunga yao iko mbele yangu. Ninahesabia munane, ninaipanga chini, ninaanza kusuka.

Nikiangalia, mikono imeshaacha mbili pembeni, inasuka na sita.